Umeacha Sigara, Sasa Suruali Inabana

Kwa anayevuta pakiti nzima kwa siku, nikotini, kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu, huuchomesha mwili takriban kalori 200 zaidi, na njaa pia huikata. Ukiacha, yote mawili yanaondoka kwa mpigo, na ulimi unaanza kuonja upya. Ndiyo maana wanaoacha huongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, nyingi zikiingia miezi 3 ya mwanzo. Wapo pia wanaopungua.

Kalori 200 ni kama vikombe 4 vya chai yenye vijiko vitatu vitatu vya sukari. Anzia hapo: punguza kijiko kimoja kila wiki, na soda iwe maji. Milo yenyewe usiiguse kwanza. Wengi hukwama hapa: mtu anaacha sigara Jumatatu, Jumanne anajinyima chakula cha usiku. Njaa na hamu ya sigara zikikutana, anairudia sigara. Mwezi wa kwanza kazi ni moja tu, kutovuta.

Hamu hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Weka karibu vipande vya tango au karoti, au punje ya karafuu ya kunyonya. Karanga zina mtego, maana kiganja kimoja, gramu 30, ni kalori kama 170. Ile sigara ya baada ya mlo ndiyo iliyokuwa ikitangaza kwamba kula kumekwisha. Isipokuwepo, mkono unarudi kwenye sahani, kwa hiyo inuka, piga mswaki, tembea dakika 10.

Kahawa nayo husahaulika. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja kafeini, hivyo ukiacha, vikombe vilevile vinakukosesha usingizi, na asiyelala hula zaidi. Punguza nusu.

Chingamu ya nikotini, ile ya kumsaidia mtu kuacha sigara, huchelewesha kuongezeka uzito, ila ina utaratibu wake. Tafuna polepole hadi ukali usikike, ibane kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha tafuna tena, kwa dakika 30. Ukiitafuna kama jojo utaimeza nikotini, upate kwikwi na kiungulia. Kahawa na soda ziache dakika 15 kabla yake, kwani huzuia nikotini kupenya mdomoni.

Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi tangu siku ya kwanza. Dozi ya dawa zake za kisukari huenda ikahitaji kubadilishwa, kwa hiyo amweleze daktari mapema, asingoje kliniki ya mwezi ujao.