Vipande vinne vya zege nyuma ya nyumba

Nyuma ya nyumba yangu kuna vipande vinne vya zege, kila kimoja nusu mita kwa nusu mita, vinapigwa jua na mvua tangu tulipovimwaga miezi minne iliyopita. Cha kwanza ni cha kijivu, kimepitishwa ufagio tu kikiwa kibichi ili uso wake ukwaruze. Cha pili kimechanganywa rangi ya udongo mwekundu. Cha tatu kina rangi hiyohiyo, ila kimegongwa chapa ya mawe ya kuchongwa. Cha nne nacho ni cha chapa, lakini rangi yake haikuingia kwenye mchanganyiko. Ilinyunyizwa juu ikiwa ya unga, zege likiwa bichi, ikasuguliwa kwa mwiko mpaka ikazama.

Fundi aliona napoteza saruji. Mimi nina mita 80 za mraba za kumwaga mbele ya nyumba, na ukuta ukikukera utaupaka rangi upya, lakini zege likishashika ndiyo limeshika. Nilitaka kuona kwanza.

Nianze na rangi, maana ndiyo iliyonishangaza kwa uzuri. Nilikuwa naogopa kwamba jua litaila. Kumbe rangi nyingi za zege, nyekundu, njano, kahawia, hata nyeusi iliyo bora, ni oksidi ya chuma, ndugu wa karibu kabisa wa kutu, na jua haliziwezi. Nyeusi ya masizi ya kaboni ndiyo ya kuogopwa, hiyo hutoka kidogokidogo na mvua. Kipimo huhesabiwa kwa uzito wa saruji, si wa zege lote: mimi niliweka asilimia 5, yaani kilo mbili na nusu kwa mfuko wa kilo 50. Ukipita asilimia 10 unaidhoofisha saruji, na hata kabla ya kufika huko utagundua rangi haizidi kukolea, unamwaga fedha tu.

Lakini angalia kona moja ya kipande changu cha pili. Imepauka. Rangi ni ileile, saruji ni ileile. Kilichotokea ni kwamba kijana aliyekuwa akichanganya aliona zege zito akaongeza maji, mara moja tu, kwenye karai la mwisho. Maji yakizidi zege hutoka hafifu na hutoka jeupe zaidi. Kwenye kijivu cha kawaida jicho hupita bila kuona. Kwenye rangi, kosa la dakika moja linabaki hapo miaka yote. Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza: zege la rangi halihitaji fundi stadi kuliko wengine, linahitaji fundi mwenye kipimo kimoja cha maji asubuhi na kipimo hichohicho jioni.

Chapa ni habari nyingine, na hapa ndipo moyo wangu ulipovutana na akili yangu kwa muda mrefu. Nilikipenda kile kipande cha tatu. Nikipita asubuhi, jua likiwa chini na vivuli vimelala kwenye mifereji ya mawe yale, nilikuwa nasimama kukitazama. Kazi yenyewe hufanywa kwa mikeka ya mpira mgumu yenye sura ya mawe kwa upande wa chini. Zege likifika hatua ya kubonyea kwa kidole bila kukunata, unatandaza mikeka ubavu kwa ubavu, unaigonga, unaihamisha. Kabla ya hapo hupakwa unga au mafuta ya kuzuia mkeka usishike, na unga huo ukiwa wa rangi nyeusi zaidi hubaki kwenye mifereji na kuifanya ionekane ya kale.

Tabu ni muda. Zege halimsubiri mtu. Ukigonga mapema mkeka unazama na kuchota. Ukichelewa chapa haiingii. Na upande wenye jua hushika kabla ya upande wenye kivuli, ingawa vilimwagwa pamoja. Kwa nusu mita ya kipande changu hilo si neno. Kwa mita 80, swali la kumuuliza fundi si bei, ni hili: una mikeka mingapi na utakuja na watu wangapi? Wa kwanza niliyemuuliza alikuwa na mikeka mitatu na vijana wawili. Nilimshukuru tukaagana. Wa pili alinieleza mwenyewe, kabla sijauliza, kwamba angeigawa kazi kwa siku tatu, na akaniuliza mabomba yanapita wapi.

Swali lake hilo la mabomba lilinikumbusha kwa dada yangu. Njia yake ya gari ilikuwa ya chapa, imenyooka, wageni wote waliisifu. Mwaka wa tatu bomba likapasuka chini yake. Ikabidi wakate mstatili wa mita moja na nusu, wachimbe, watengeneze, wamwage upya. Mafundi walijitahidi kweli, walitafuta rangi ya jina lilelile na chapa inayofanana. Kiraka bado kinaonekana ukiwa getini. Zege jipya na la zamani hayafanani hata yakiwa na mchanganyiko mmoja, kwa sababu la zamani limeshapigwa na jua, matairi na vumbi. Dada yangu hajalizoea mpaka leo, na namwelewa.

Nyufa nazo. Chapa haizuii ufa. Zege likikauka husinyaa, na litapasuka mahali litakapotaka usipoliwekea mahali pa kupasukia. Jamvi, yaani tabaka zima la zege, likiwa na unene wa sentimita 10 hukatwa mistari kila mita mbili na nusu hadi tatu, kina cha robo ya unene wake. Sasa mstari mnyoofu ukipita katikati ya mawe ya kuigiza unaharibu picha nzima, basi baadhi ya mafundi wanaukwepa ili mteja afurahi, na ufa unakuja wenyewe ukiwa umepinda. Mchoro wa chapa upangwe ufuate mistari hiyo tangu mwanzo. Fundi asiyelitaja hili mapema, mimi nisingempa kazi.

Kilichoniamulia hasa ni baba. Anatembea na fimbo, na miguu yake haina nguvu ya zamani. Vipande viwili vya chapa tulivipaka sila, ile dawa inayong'aa ya kuziba vinyweleo, kwa sababu bila hiyo rangi huonekana imekufa na madoa ya mafuta yanaingia. Siku ya mvua nikamshika mkono, akajaribu kimoja baada ya kingine. Juu ya kile cha ufagio fimbo yake ilikaa. Juu ya chapa yenye sila iliteleza, nikamkamata. Ipo chembechembe ya kuchanganya kwenye sila ili kupunguza utelezi, tuliijaribu wiki iliyofuata na ilisaidia sana, ingawa mng'ao ulipungua. Na sila yenyewe huchakaa: ile ya akriliki hurudiwa kila miaka miwili au mitatu, sakafu ikiwa imeoshwa na imekauka kabisa, kwani ukipaka juu ya unyevu inageuka nyeupe kama maziwa.

Basi nimeamua hivi. Njia ya gari itakuwa ya rangi, imepigwa ufagio, bila chapa. Unene sentimita 13 kwa ajili ya matairi, juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Njia ya miguu, ambako bomba na waya vinapita, ni vitofali vya kupanga, vinavyong'oleka na kurudishwa. Chapa nimeiwekea mita 12 tu, pale chini ya paa la baraza ambako mvua haifiki na hakuna kitu kilichozikwa. Kwa eneo hilo naona inafaa kila senti, na sitaki kuikosa.

Kuna unga mweupe umeanza kutokea kwenye kipande cha pili, ile chokaa inayopandishwa na maji. Unasuguliwa ukatoka, lakini kwenye nyekundu iliyokolea unaonekana zaidi, hivyo nimeagiza rangi hafifu kidogo, asilimia 3. Tunamwaga kipande kimoja zaidi Jumamosi kuihakikisha. Baba amesema ataanza kukijaribu yeye, kikilowa.