Maharage yanakula mkaa

Tangu mwaka huu uanze, nyama kwangu ni Jumapili, na siku ya mgeni. Sijaiacha. Ila wiki ya tatu nilichungulia gunia la mkaa nikajiona nimejidanganya.

Chanzo ni swali la shule la binti yangu kuhusu hewa ukaa. Tulikaa naye tukitafuta jibu kwenye simu, tukaangukia utafiti wa Poore na Nemecek wa mwaka 2018, waliokusanya takwimu za mashamba kama 38,700 katika nchi 119. Gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama zinaacha nyuma, kwa wastani wa dunia, kilo 50 za gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Njegere? Kilo 0.4. Nikadhani nukta imekosewa, nikarudia kusoma. Kumbe ng'ombe akila majani, vijidudu tumboni mwake huyachachusha na kutoa methani, mojawapo ya gesi hizo, na sehemu kubwa ya methani hiyo hutokea mdomoni, kwa mbweu. Binti yangu alisikitika kidogo, alishajiandaa kuwachekesha wenzake kwa ushuzi.

Basi tukahamia maharage. Nyama yangu ya kuunga ilikuwa inaiva ndani ya saa moja. Maharage saa mbili na nusu, na yakiwa ya zamani, ongeza. Kisado cha mkaa kilichokuwa kinafika siku ya pili kikawa hakioni jioni. Na mkaa wa hapa Tabora kila mtu anajua unakotoka: alfajiri unaona baiskeli zinaingia mjini, magunia yamepangwa nyuma hadi mwendeshaji haonekani, yanatoka kwenye misitu ya miombo. Yaani nimemkwepa ng'ombe, nikakata mti.

Na kilichoniuma zaidi ni uyoga. Mvua zikianza, kwangu hakuna nyama inayoushinda uyoga ule wanaouza kwa bakuli kando ya barabara, ukiuunga kwa karanga. Uyoga mwingi wa miombo unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti ileile. Mti ukigeuka mkaa, bakuli nalo ndiyo basi.

Wiki hiyohiyo baba mkwe akaja kutoka Nzega. Nikampokea, "Mwangaluka baba," akaitikia, akaketi, akafunua sufuria.

"Mkwe wangu, ng'ombe wamekwisha mjini?"

Nikamweleza habari za methani. Alisikiliza vizuri, siyo kwa dharau. Kisha akasema: "Wangu wanalima, wananipa mbolea, na wanakula nyasi ambazo wewe huwezi kuzila. Mimi nyama naila kwenye harusi na msiba. Ninyi ndio mnaila kama ugali."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Marekani mtu mmoja anahesabiwa zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka; ukitaka kumlaumu mtu, usianzie kwa mzee wa Nzega. Anzia kwangu, niliyekuwa napita buchani kila jioni kwa mazoea tu.

Mkaa nao nimeutafutia njia. Maharage nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji. Nayachemsha kwa moto mkali nusu saa, mfuniko umebana, kisha sufuria inaingia kwenye kapu kubwa nililolitandika kanga kuukuu, juu naweka mto, nafunga. Mkaa uliobaki naunyunyizia maji nautumia kesho. Baada ya saa tatu nafungua, mvuke unanipiga usoni, maharage yamelainika. Narudisha motoni yachemke tena, naunga nazi au karanga. Mara ya kwanza niliweka sufuria nusu, yakapoa yakiwa magumu kama kokoto. Sufuria lazima ijae.

Siku nyingine napika majani ya kunde kwa karanga, dakika ishirini yameiva, au dagaa wa Kigoma wanaokuja kwa treni. Dagaa nawapenda ila siwafanyi wa kila siku: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15, ili samaki wapate kuzaliana.

Baba mkwe alikaa siku nne. Ya mwisho aliomba aongezewe maharage, akauliza kama kapu linafaa kwa makande. Linafaa. Anayelalamika ni binti yangu, maana mto ni wake, na unanuka kitunguu.