Nilivyoondoa unyevu kwenye nyumba yetu ya enzi za Malkia Victoria

Hapa Leicester, Uingereza, tunaishi kwenye nyumba ya mwaka 1888. Mwaka wenyewe umechongwa kwenye jiwe juu ya mlango. Tulipohamia, rangi ya sebuleni ilikuwa ikibanduka na ukungu mweusi umetanda nyuma ya kabati. Fundi wa kwanza alitaka kutoboa kuta azipige dawa, kwa bei ya kutisha. Nikaona bora kwanza niielewe nyumba.

Ukuta wa barabarani matofali yake yamepangwa moja kwa urefu, moja kwa kichwa, safu kwa safu. Hiyo ni dalili ya ukuta mzima wa inchi 9, usio na uwazi katikati kama wa nyumba za siku hizi. Waliojenga walitumia chokaa na mchanga. Mvua ikipenya, maji hutokea tena kwenye viungo vya chokaa yakakaushwa na upepo, na moto wa mekoni ulivuta hewa nzito ya vyumbani ukaipandisha dohani. Chini ya sakafu ya mbao waliacha matundu ya hewa. Sensa ya 1901 inamtaja humu mfanyakazi wa kiwanda cha viatu, mkewe na watoto wao, na nina hakika walikaa pakavu kuliko sisi.

Waliokuja baadaye walijaza saruji kwenye viungo, wakaziba meko, wakainua ua hadi matundu yakafukiwa. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba za mawe na chokaa, na jambo hili nalijua. Ukuta wa chokaa ukipigwa saruji, maji hayana pa kutokea.

Nilianza kwa kuchimba kando ya ukuta na kuyafungua matundu. Kisha nikaibandua saruji kwa nyundo na patasi nyembamba, kiungo kimoja kimoja, kwa sababu mashine hukata kingo za matofali. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imelowa kama uji. Nikalowesha matofali, nikashindilia chokaa mpya, nikafunika kwa magunia mabichi isikauke upesi ikapasuka. Mekoni nikaweka kijidirisha cha hewa.

Ukuta ulichukua miezi kukauka, lakini umekauka, na ukungu haujarudi. Umebaki wa nyuma, wa jikoni. Huo nitaufanya kuanzia Mei, maana chokaa mbichi ikikutwa na barafu inamomonyoka.