Pampu mpya ndani ya tangi, na petroli iliyokataa kukaa humo

Watu wengi huiogopa kazi ya kubadilisha pampu ya mafuta inayokaa ndani ya tangi, lakini huiogopa kwa sababu isiyo yenyewe. Pampu ni mota ndogo yenye tundu la kuvutia mafuta, tundu la kuyatolea na ncha mbili za umeme, na mtu mwenye subira huitoa na kuweka nyingine bila taabu kubwa. Cha kuogopa ni maungio, kwa sababu kila ungio lililofunguliwa ni mahali ambapo petroli au mvuke wake unaweza kutoka, na baadhi ya maungio hayo yamejificha kiasi kwamba jicho haliyafikii mpaka kila kitu kitolewe tena. Nilipoweka pampu mbadala katika gari langu, yaani pampu iliyotengenezwa na kampuni tofauti na ile iliyounda gari, kazi ya pampu ilikwisha mapema, na muda wote uliobaki ukaenda kwenye kutafuta uvujaji.

Gari lilikuwa likipoteza nguvu kila lilipobeba mzigo au kupanda kilima, ingawa kwenye barabara tambarare lilikwenda vizuri. Geji ya shinikizo niliyoiunga kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalogawa mafuta kwa vinyunyizi vya injini, ilionyesha takriban bari 3 injini ikiwa inaunguruma bila mzigo, kiwango cha kawaida kwa magari mengi ya petroli yenye nozeli na bomba la kurudishia mafuta. Lakini nilipokanyaga mafuta barabarani mshale ulishuka na haukurudi haraka. Kabla ya kuilaumu pampu nilipima volti kwenye plagi yake injini ikiwa inafanya kazi, maana waya uliochakaa, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoungua midomo au nati ya athi iliyoshika kutu huweza kuinyima pampu volti moja au mbili, na pampu nzima isiyopata umeme wa kutosha hujionyesha sawasawa na pampu iliyochoka. Umeme ulikuwa unafika. Kwa hiyo ilibaki pampu.

Katika kuchagua, kuna kishawishi cha kununua kubwa kuliko zote. Pampu ya Walbro yenye uwezo wa lita 255 kwa saa ina jina kubwa miongoni mwa wanaoongeza nguvu za injini, na hiyo namba ndiyo inayowavuta watu. Lakini namba ya lita hupimwa kwa shinikizo fulani na volti fulani: shinikizo likipanda lita hupungua, na volti zikishuka lita hupungua vilevile. Tena, injini haili zaidi ya inavyohitaji. Mafuta yote yaliyobaki hulazimika kurudi kwenye tangi kupitia regulata, yaani kidhibiti cha shinikizo, na bomba la kurudishia, na kama bomba hilo ni jembamba, shinikizo hupanda kupita kiwango hata regulata ikiwa nzima, injini ikaanza kupewa petroli nyingi kuliko hewa. Pampu kubwa pia hunywa umeme zaidi, na nyaya za kiwandani huenda hazikukusudiwa kubeba hivyo. Nilichukua yenye uwezo unaokaribiana na ile ya asili, na sijaona sababu ya kulijutia hilo.

Kuhusu usalama sitasema mengi, ila yale machache hayana mjadala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na pembe za sakafu, na mchanganyiko wa hewa wenye mvuke wa asilimia 1.4 tu tayari unaweza kuwaka. Mimi hutoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini ijizime yenyewe ili shinikizo liishe kwenye mabomba, kisha hufungua waya hasi wa betri, na sifungui tangi lililojaa zaidi ya robo. Kazi hufanyika nje palipo na hewa, kizimamoto cha unga kikiwa karibu, na taa yenye balbu ya kioo haikaribishwi hata kidogo.

Mfuniko wa pampu hushikiliwa na pete ya chuma au ya plastiki inayozungushwa. Kabla ya kuigusa, sehemu yote inayoizunguka isafishwe mpaka mchanga na vumbi viishe, kwani kila chembe iliyopo pale itaangukia tangini pete ikiinuliwa. Pete ya chuma hugongwa kwa kipande cha shaba nyeupe au mti mgumu ili isitoe cheche. Chini yake kuna oringi kubwa, yaani pete ya mpira ya kuzibia, ambayo, baada ya kukaa miaka katika petroli, huvimba na kurefuka. Ukiitoa haitarudi kwenye mfereji wake, na hata ikikaushwa ikanywea, haifai kurudishwa. Oringi mpya ni sehemu ya kazi hii, si nyongeza.

Pampu mbadala mara nyingi huja tupu, bila kibebeo, yaani fremu inayoishikilia ndani ya tangi, na inabidi ifungwe kwenye kibebeo cha zamani. Hapo ndipo umakini unapotakiwa. Chujio dogo la mdomoni linapaswa kulala juu ya sakafu ya tangi bila kukandamizwa, kwa sababu likikaa juu sana gari litaishiwa mafuta huku geji ikionyesha kuna robo. Mwili wa pampu mpya unaweza kuwa mnene kuliko wa zamani na kulizuia boya la geji lisishuke hadi chini, kwa hiyo mkono wa boya uinuliwe na kushushwa safari yake yote kabla ya kuingiza kitu chochote tangini. Alama za chanya na hasi zimechorwa kwenye kichwa cha pampu. Nyaya zikibadilishwa, mota huzunguka kinyume, hutoa sauti kama kawaida, na shinikizo haliji.

Mpira mfupi unaounganisha pampu na bomba la kibebeo ndio kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Mpira wa kawaida wa mafuta, hata ule wa shinikizo kubwa wenye maandishi SAE J30R9, umeundwa kubeba petroli ndani yake huku ganda la nje likiwa kavu. Ukizamishwa, ganda hilo huanza kulainika, kuvimba na kumomonyoka. Unaotakiwa ndani ya tangi ni ule wenye maandishi J30R10, uliotengenezwa kustahimili petroli ndani na nje, na sura ya mipira hiyo miwili inafanana kiasi kwamba bila kusoma maandishi huwezi kuitofautisha. Klipu nazo ziwe zile za kubana duara lote kwa usawa, zenye kingo zilizokunjwa, si zile zenye mikato ambazo hukazwa kwa bisibisi na kuuma mpira kidogo kidogo. Waya ulioongezwa ndani ya tangi uwe na ganda linalostahimili petroli, na maungio yake yabanwe kwa vifaa vinavyofaa. Utepe mweusi wa umeme usiingie humo kabisa: gundi yake huyeyuka, utepe hujifungua, na utelezi wake huishia kwenye chujio.

Gari liliwaka na nguvu zikarudi. Ndipo ikaja harufu.

Harufu ya petroli ina tabia ya kuwafanya watu washike spana na kukaza kila wanachokiona, jambo ambalo nalipinga kwa nguvu zote, kwa sababu uvujaji una nyakati zake na nyakati hizo ndizo zinazoonyesha mahali ulipo. Unaotokea tangi likiwa limejaa tu, na kutoweka likifika nusu, uko juu ya tangi. Unaotokea pampu ikizunguka tu uko kwenye njia ya shinikizo. Ule usiotoa harufu wala tone, lakini unaifanya injini ichelewe kuwaka baada ya gari kulala, huenda uko ndani ya tangi lenyewe, ambako petroli humwagikia petroli mwenzake na hakuna anayejua.

Harufu yangu ilikuwa ya aina ya kwanza. Oringi ilikuwa mpya na imekaa vizuri kwenye mfereji, lakini pete ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu upande mmoja, kwa hiyo haikukandamiza mfuniko kwa usawa. Kuikaza zaidi kungeongeza mkandamizo upande ule ule mzima na kuacha upande mbovu kama ulivyokuwa. Nilibadilisha pete, nikasafisha kutu kwenye ukingo wa tangi kwa mkono, nikapaka oringi petroli kidogo ili iteleze mahali pake bila kujikunja, na harufu ikakoma hata tangi lilipojazwa hadi shingoni.

Kuna uvujaji mwingine unaofanana sana na huo, na ambao huwazungusha hata mafundi wazoefu. Petroli huweza kupanda ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba na ganda lake, ikapita katikati ya mfuniko na kudondoka kutoka kwenye plagi ya nje. Mtu hubadilisha oringi na bado juu ya tangi pana unyevu. Plagi ikichomolewa na kukutwa imelowa ndani, tatizo si oringi, na dawa yake ni kipitishio cha waya chenye pini ngumu zilizozibwa kiwandani, kwa kuwa waya wa nyuzi hauwezi kuzibwa kwa kupakwa kitu kwa nje.

Uvujaji wa ndani ndio ulionishughulisha zaidi. Asubuhi stata ilizunguka muda mrefu kabla injini haijashika, lakini mchana, gari likizimwa na kuwashwa papo hapo, liliitika mara moja. Geji ilionyesha shinikizo linapanda vizuri swichi ikiwashwa, kisha linaporomoka karibu lote mara pampu inaponyamaza, ilhali linapaswa kubaki kwa muda mrefu. Shinikizo lililofungiwa lina njia chache za kutorokea: nozeli inayodondosha, regulata isiyofunga, au upande wa tangi, ambako kuna vali ndogo ndani ya pampu ya kuzuia mafuta yasirudi pamoja na mabomba yanayoifuata. Nilibana bomba la kurudishia kwa kibanio chenye mdomo laini, kwenye sehemu ya mpira tu, na mshale ukaendelea kushuka, hivyo regulata ikawa haina hatia. Nilirudia, safari hii nikibana bomba la kupeleka mafuta mara pampu iliponyamaza, na mshale ukasimama. Nozeli nazo zikaachiwa huru. Kilichobaki kilikuwa tangini.

Kibebeo kilipotoka, mpira na klipu vilikuwa salama. Nilikitenganisha na pampu, nikakiacha kikauke kabisa mahali penye upepo, nikaziba ncha moja ya bomba lake la chuma, nikapaka maji ya sabuni na kupuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yalitokea chini kidogo ya mfuniko, kwenye kitundu cha kutu kisichozidi ncha ya sindano. Pampu ya zamani, kwa udhaifu wake, huenda haikuwahi kukisukuma kitundu hicho vya kutosha kikaonekana. Nilitafuta kibebeo kingine chenye bomba zima. Kuziba kwa risasi au gundi kwenye bomba linalobeba bari 3, mahali ambapo hutaona likianza kuachia, ni jambo ambalo nisingelifanya hata kwa gari la kuuzwa.

Hapohapo niseme kuhusu silikoni, kwa kuwa naiona kila mara imepakwa kwenye mifuniko ya pampu. Silikoni ya kawaida ya gasketi haistahimili petroli. Huvimba, hulegea na kubanduka vipande vipande. Utepe mweupe wa mabomba nao hauna kazi kwenye ungio linaloziba kwa koni ya chuma juu ya chuma, kwa sababu nyuzi za ungio hilo hukaza tu na haziuzuii mvujo, na nyuzinyuzi za utepe zikikatika huelekea kwenye nozeli. Bolti yenye tundu katikati huzibwa kwa washa mbili za shaba, moja kila upande, na washa hizo ni laini ili zikubali kubonyea. Zilizokwisha bonyea zibadilishwe. Maungio ya kubofya yana vioringi vidogo ndani yake ambavyo hukatika kirahisi ungio likiingizwa kavu au likiwa limeinama.

Baada ya kufunga kila kitu, swichi huwashwa na kuzimwa mara kadhaa bila kupiga stata, kwa kuwa katika magari mengi pampu huzunguka sekunde chache kisha husimama, na muda huo unatosha kujaza mabomba huku mtu akipitisha karatasi nyeupe kavu chini ya kila ungio. Kisha injini inawashwa, ungio lile lile linaguswa tena likiwa na joto, na tangi hujazwa mwisho kabisa, gari likiegeshwa kwa mteremko ili petroli iegemee upande wa mfuniko. Kifuniko cha chuma kilicho chini ya kiti, chenye mpira wake wa kuzuia mvuke usiingie mahali pa abiria, nilikirudisha baada tu ya gari kulala usiku mzima na tangi lililojaa, kwa sababu kikisharudishwa huziba harufu na kuficha unyevu wowote uliobaki chini yake.