Kipupwe, sweta jekundu na kasuku wa Hombolo

Jumamosi nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kitu ambacho hata kazini hawajawahi kunifanyisha, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba nyie acheni tu. Mimi nimekulia Tanga, kwetu kipupwe ni kupunguza spidi ya feni, huku ni upepo unaokufuata mpaka chini ya blanketi. Nikavaa sweta jekundu, ndo zito pekee nililonalo.

Aliyeniponza ni jirani yangu Mwalimu, mstaafu wa baiolojia, anapenda ndege kama sisi tunavyopenda mpira, ana darubini ya zamani ambayo mkanda wake ni kamba ya kiatu. Tukapanda daladala la Hombolo, kama kilomita 40 hivi kutoka mjini, tukashuka kabla ya kufika ili twende bwawani kwa miguu. Kumeanza kupambazuka ndo akaniangalia vizuri. "Mwanangu, hilo sweta, tunaenda Msimbazi, klabuni kwa Simba?" Kumbe ndege wanaona rangi kutuzidi sisi. Akavua koti lake la mvua la kijivu akanipa nivae juu, mvua yenyewe huku tunaisubiri mpaka mwisho wa mwaka.

Bwawa lilichimbwa enzi za mkoloni, miaka ya 1950, na kwa kiangazi hiki maji yameshaanza kurudi nyuma yakaacha tope pana. Na tope ndo kwenye mambo yote. Yangeyange wanatembea taratibu kama watu waliovaa kanzu mpya, bata bukini wanagombana kwa kelele, mnandi kasimama kwenye kisiki kanyoosha mabawa kama nguo iliyoanikwa kambani maana manyoya yake yanalowa akizamia. Ila aliyenimaliza ni mdiria, yule mweusi kwa mweupe, anasimama hewani palepale anapiga mabawa halafu anaporomoka kama jiwe, mara ya kwanza kakosa, ya pili kakosa, ya tatu katoka na samaki, mi nikajikuta napiga makofi, Mwalimu akanikata jicho.

Nikamuuliza korongo wale weupe wanaokujaga wengi mashambani wako wapi. "Wako Ulaya wanalea watoto, huko sasa hivi ndo joto. Watarudi na mvua." Yaani wenzetu wameikimbia baridi, sisi tumeamka alfajiri kuifuata.

Kurudi tukapita kwenye mibuyu, saizi haina hata jani, na hapo ndo likapita kundi la kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya njano, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho kama wamevaa miwani, wakaingia kwenye mashimo ya mbuyu mmoja. Mi nikasema hawa nawajua, niliwaona kwenye tundu sebuleni kwa mtu Dar, si wa Brazil? Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Ni wa kwetu hawa, kwa asili hawapatikani nchi nyingine yoyote ila Tanzania, na hii kanda ya kati ndo nyumbani kwao hasa. Miaka minne nakaa Dodoma wananipitia juu ya bati, mi nawapa uraia wa Brazil.

Nikiwa bado nimeduwaa akapita mama mmoja na ungo wa uwele kichwani, Mwalimu akamwamkia "Mbukwenyi," akaitikia, akaangalia darubini, akaangalia mbuyu.

"Mmekuja kuwachukua hao?"

"Hapana mama, tunawaangalia tu."

"Mnaangalia wezi! Uwele wangu wote wamemaliza hao. Chukueni, chukueni wote."

Akaondoka anaguna. Mwalimu kaandika kwenye daftari lake: kasuku, kama ishirini, mbuyu wa pili.

Leo asubuhi napiga mswaki nje nikasikia ule mlio wao mkali unapita juu ya bati. Nimekimbia na povu mdomoni hadi barabarani, mtoto wa jirani kaniuliza, "Anko, kuna mwizi?"