Nilikuwa najua

Leo siku ya tano na maneno ya shangazi bado yananizunguka kichwani. Wiki yenyewe imejaa mambo, wifi kajifungua usiku wa kuamkia Jumatatu mtoto wa kiume, alhamdulillah, na barua yangu ya uhamisho wa Chake imefika, hayo nitayaandika siku nyingine maana leo siyawezi.

Jumamosi tulikwenda ufukwe wa Vumawimbi, huku kwetu Pemba, kama nilivyowaambia. Mie na Tima, baiskeli zetu mbili juu ya keria ya daladala kutoka Wete mpaka Konde, na kutoka Konde tukaendesha wenyewe. Njia inaingia ndani ya msitu wa Ngezi na jamani ile baridi ya mle, sasa hivi jua linakuchoma utosini mara mivule imekufunika na unasikia mnyororo wa baiskeli yako tu na ndege. Tima anapiga kengele kila kona eti tumbili wapishe njia. Mbele huko mchanga unakuwa mwingi, magurudumu yanazama, tukashuka tukasukuma mpaka bahari ikatokea.

Wasiowahi kufika, Vumawimbi ni mchanga mweupe unaokwenda na kwenda, kilomita mbili hivi, na tulikuwa sisi na wavuvi wawili na ngalawa yao, basi. Shangazi alikuja kwa pikipiki ya mwanawe kutoka Makangale. Ilikuwa bamvua, maji yanakupwa mbali, asubuhi yote alikuwa shambani kwake kwenye mwani, maji yalipoanza kujaa ndio akaoga akaja kutuona. Akakaa chini ya mvinje, katandika leso, na mkobani katoa kamba na taitai zake, vile vikamba vya kufungia mwani, anafunga, maana mikono ya shangazi haijui kukaa bure. Vidole vimechanika kwenye viungo, chumvi imeingia humo miaka na miaka.

Mie na Tima tukaingia, suruali, fulana ya mikono mirefu, mtandio nimeufunga kisogoni. Mnakumbuka mwaka jana nilivyojifunza na madumu mawili ya lita tano kwapani, sasa naelea chali mwenyewe naangalia mawingu. Nikatoka nina furaha, natiririka maji, nikamwambia, shangazi na wewe ingia nikufunze.

Hakuinua macho. "Nilikuwa najua."

"Ulikuwa?"

"Nilikuwa najua. Mie na baba yako tukishindana mpaka kwenye mashua iliyotia nanga. Kisha nikavunja ungo."

Akakata taitai kwa meno, akashika nyingine. Basi. Hakusema zaidi na mie sikuuliza, na hiyo ndiyo inayoniuma, nilisimama pale kama mgeni na maji yananidondoka kwenye leso yake.

Maana yale mashindano mie nayajua! Baba, Mungu amrehemu, kanisimulia mara ngapi sijui. Kila mara ni "mie na ndugu yangu", "ndugu yangu alinishinda mara tatu mfululizo", "ndugu yangu alikuwa samaki yule". Na mie miaka yote hiyo kichwani mwangu namuona ami. Ndugu. Neno lenyewe halisemi mwanamume wala mwanamke, na sikuwahi kumuuliza ndugu yupi. Baba aliendelea kuogelea mpaka mvi zimemjaa, na yule aliyemshinda mara tatu alikaa pwani akatazama.

Ila hakukaa pwani, ndio nachoshindwa kukimeza. Mwani ulianza kulimwa kibiashara kule Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, ukatufikia na sisi Pemba, na shangazi ni katika wa mwanzo kijijini kwao. Miaka yote hiyo yuko baharini kuliko sisi sote, maji ya kiuno, maji ya kifua. Na sasa kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei nzuri kidogo, inakufa kwenye maji ya karibu kwa sababu yanapata moto, kwa hiyo wanawake wanasogea kwenye kina zaidi, na wengi wao hawajui kuogelea. Jirani yake alipigwa wimbi mwezi uliopita akanusurika kwa kushika kamba. Kamba ya mwani!

Mwezi wa saba nilipokuwa Paje, mliona picha, kusi linavuma na vijana wetu wanafunza wageni kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini kwa ubao na tiara, mbingu imejaa rangi, nikaandika hapa kwamba bahari imefunguka kwa kila mtu. Niliandika haraka.

Nilikuwa na hasira mpaka jana jioni, hasira isiyo na wa kumpelekea, maana bibi aliyemkataza alishakufa na naye alikatazwa hivyo hivyo. Halafu saa mbili usiku simu ikalia, sauti ya shangazi kwenye WhatsApp, sekunde tisa: "Wiki ijayo maji mafu, sina kazi shambani. Yale madumu yako unayo bado au umeshatilia mafuta ya taa?"

Nimeisikiliza sijui mara ngapi. Nikaenda stoo kwa tochi, yapo, moja halina mfuniko, leo nitatafuta dukani hata wa rangi nyingine. Tima kauliza na yeye aje, nikamwambia lazima. Desemba anatimiza kumi na mbili.

Nilitaka kuandika zaidi ila wingu limesimama upande wa Mtambwe, jeusi, na mama kaanika karafuu zote za juzi na jana nje kwenye majamvi, yuko peke yake nyumbani na mguu ule, nampigia hapatikani.