Jinsi nilivyojinasua kwenye mtego wa neno “lead”

Mimi ni mkalimani wa vikao, kazi niliyoiingia kwa sababu ya ulimi mwepesi zaidi kuliko kwa sababu ya vyeti, na kwa miaka mingi nilijivuna kwamba hakuna neno la kawaida la Kiingereza linaloweza kunitoa jasho. Kisha nikakutana na “lead”, neno la herufi nne ambalo mtoto wa darasa la tatu huliandika bila shida, nalo likaniaibisha mbele ya watu wapatao sitini katika ukumbi mmoja wa mtaani hapa Mombasa. Ninaandika haya kwa kuwa hatimaye nimelishinda, na pia kwa kuwa bado nina hasira na wale walionishauri vibaya kwa kujiamini sana.

Kikao chenyewe kilihusu madini ya risasi katika rangi za nyumba, mabomba na betri kuukuu. Hapa kwetu jambo hilo si la vitabuni, kwani wengi wanaikumbuka kesi ya wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, ambao mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara yaliyotokana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Nilipewa karatasi za mtaalamu usiku wa kuamkia kikao, nikazipitia nikinywa chai, nikaona “lead” imejaa kila ukurasa na nikajua vizuri kwamba maana yake ni risasi. Maana haikunisumbua hata kidogo. Kosa langu ni kwamba kichwani nililisoma “liid”, kama ninavyolisoma linapokuwa na maana ya kuongoza, na asubuhi yake nikaketi karibu na kipaza sauti nikiwa nimelitegea sikio neno “liid”.

Mtaalamu akasimama, akasalimia, akasema “led”. Sikio langu halikuwa na nafasi ya neno hilo. Katika maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini, “led” ni taa, zile nyeupe zinazokula umeme kidogo, na mtaalamu alipoendelea kusema kwamba kitu hicho kimo katika kuta za nyumba zetu na kwamba hudhuru ubongo wa watoto, mimi nilitafsiri kwa sauti kavu ya mtu anayejua kazi yake: “Taa za ledi zilizoko katika kuta zenu zinadhuru ubongo wa watoto.”

Ukumbi mzima uliinua nyuso kutazama dari, ambako zilikuwa zikiwaka taa sita za aina hiyo hiyo. Bibi mmoja aliyeketi safu ya mbele, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi, akasema, “Lahaula! Na mimi juzi tu nimenunua mbili!” Kijana mmoja nyuma akauliza kama serikali inatutaka turudi kwenye koroboi. Mtaalamu, ambaye hakujua Kiswahili lakini alijua kusoma nyuso, akaninong’oneza akitaka kujua kwa nini watu wanatazama juu. Tulipoelewana, nikakirudia kipaza sauti na kusema kwamba ninaomba radhi, si taa, ni risasi.

Ninaapa kwamba nilidhani nimelitengeneza. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akasimama polepole akishika kiti cha mbele yake, akauliza, “Mwanangu, nani kapigwa risasi?”

Hilo la pili si kosa la Kiingereza bali ni mtego wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kilichukua “risasi” kutoka Kiarabu, na humo pia neno moja hubeba madini na kitu kinachotoka kwenye bunduki, kwa sababu kitu hicho kilitengenezwa kwa madini hayo. Tangu siku ile sisemi “risasi” peke yake kikaoni. Husema “madini ya risasi” mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, hata kama sentensi inakuwa ndefu kama treni ya mizigo. Mkalimani anayedhani hilo linajulikana na asubiri mzee wake wa kofia ya vito.

Nililipwa nusu ya ujira tuliokubaliana, nami sikuwa na uso wa kudai nusu nyingine.

Wiki iliyofuata nilianza kuomba ushauri, na hapo ndipo nilipopotezwa zaidi. Mwalimu mstaafu, jirani yangu, alinikumbusha kanuni aliyotufundisha sote utotoni, kwamba “e” na “a” zikifuatana husomwa “ii”, kama katika “tea”, “bean” na “leaf”. Kanuni hiyo ndiyo iliyoniingiza shimoni, na ninashangaa kwamba mtu anaweza kula mkate kila asubuhi, huku “bread” imeandikwa kwenye karatasi yake, na bado aiamini. Rafiki yangu mmoja aliyesomea ualimu alinipa kanuni ya pili iliyonivutia zaidi: likiwa kitenzi soma “liid”, likiwa nomino soma “led”. Niliitumia siku tatu nikijiona msomi. Siku ya nne niligundua kwamba nafasi ya mbele katika mbio au katika kura ni nomino na husomwa “liid”. Kamba ya kumwongozea mbwa, kwa Waingereza, ni “liid”. Waya wa kuunganishia kifaa cha umeme ni “liid”. Fununu inayompeleka mpelelezi kwa mwizi ni “liid”. Mhusika mkuu wa mchezo ni “liid”. Na mteja mtarajiwa, ambaye vijana wa mauzo humtafuta kutwa nzima, naye ni “liid”. Ni kanuni gani hiyo ambayo sehemu yake kubwa ni vighairi? Mpwa wangu alisema nisijisumbue, simu itanisomea, lakini simu yake ilipopewa sentensi kuhusu rangi zenye madini hayo ilisoma “liid” bila aibu, yaani ilikuwa na akili sawasawa na yangu.

Nilinunua pia kamusi ya mitumba kwa mia nane na ushei, na hiyo siijutii. Ndiyo iliyonionyesha kwamba hatuna neno moja lenye maana nyingi, bali tuna maneno mawili yasiyo na undugu yaliyokutana kwenye tahajia. La kuongoza ni moja, la madini ni jingine, na yote mawili yamo katika Kiingereza tangu zamani za kale. La madini nalo lilikuwa na irabu ndefu, kisha baada ya karne nyingi irabu yake ikafupishwa pamoja na ya “bread”, “head” na “dead”, lakini maandishi hayakubadilishwa. Hapo nikapata kamba ya kushika, nikajitungia sentensi ambayo siioni vibaya kuirudia hapa: risasi ikiingia kichwani, mtu ni maiti, na mkate wake huliwa na wengine. Risasi, kichwa, maiti na mkate, yote manne kwa Kiingereza yana “e” fupi ya Kiswahili safi. Mke wangu aliposikia ninaikariri bafuni aliniuliza kama kuna mtu nimegombana naye.

Sentensi hiyo ilinipa matamshi, ila bado nilihitaji njia ya kutambua haraka, katikati ya kikao, ni “lead” ipi iliyo mbele yangu kwenye karatasi. Njia hiyo niliipata kwa mjomba wangu, mvuvi wa mshipi huko Kilifi, nilipokwenda kumtazama mwisho wa mwezi. Nilimkuta amechutama nyuma ya nyumba, upepo ukimpiga mgongoni, kopo la maziwa likiwa juu ya makaa na ndani yake vipande vya sahani za betri ya gari. Utando wa kijivu ulielea juu. Alipousukuma kando kwa kijiti, chini yake paling’aa kama kioo. Akamimina kwenye vishimo alivyovichimba mchangani, akangoja kidogo, akafukua chubwi, zile gololi zinazoshusha ndoana chini. “Mjomba, shika,” akaniambia, na kile kidude kisichozidi kokwa ya embe dodo kikaushusha mkono wangu. Nilimweleza yale niliyoyasikia kikaoni, kwamba hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama na kwamba vumbi lake ni baya zaidi kwa watoto. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama hao wataalamu wana chubwi za kugawa.

Chubwi moja sasa ipo mezani pangu, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na swali langu ni hili: je, mjomba angeweza kukiyeyusha kitu hiki kwenye kopo lake? Madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 hivi za Selsiasi, joto ambalo makaa huliweza bila kutoa jasho. Kama jibu ni ndiyo, ninasoma “led”. Uongozi hauyeyuki, fununu haiyeyuki, mteja mtarajiwa hayeyuki ingawa hutoweka, na waya wa umeme ni wa shaba, ambayo kopo la mjomba haliliwezi joto lake. Kwa hiyo hizo zote ni “liid”.

Penseli pekee ndiyo iliyonisumbua. Kitu cheusi kilicho ndani yake Waingereza hukiita “led”, lakini ukikitia kwenye kopo la mjomba hakiyeyuki hata ukichoma gunia zima, kwa sababu ni grafiti, yaani aina ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Watu wa zamani waliiona nyeusi na laini wakadhani ni aina ya madini ya risasi, na kosa hilo halikuwa lao peke yao, kwani nasi tunayo “kalamu ya risasi”. Nafasi kati ya mistari ya maandishi, ambayo watu wa uchapaji huiita “leading”, husomwa “leding”, nayo inapita mtihani wa kopo, kwa kuwa wachapaji wa zamani walipenyeza vipande vyembamba vya madini hayo katikati ya mistari. Hilo nililijifunza kwa kusahihishwa na kijana wa duka la kuchapisha, aliyefurahi kuliko ilivyostahili.

Kilichobaki ni wakati uliopita. Aliyeongoza jana, kwa Kiingereza, huandikwa “led” na kutamkwa vivyo hivyo, sawa kabisa na madini, na hapa Waingereza wenyewe huteleza na kuandika “lead”, kwa kuwa “read” huwadanganya kwa kutobadilisha herufi hata moja. Bendi ya Led Zeppelin, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1968, iliiondoa “a” katika jina lake makusudi ili watu wasije wakasoma “liid”. Nilipolijua hilo nililala vizuri.

Mwaka jana niliitwa tena, ukumbi ule ule, mtaalamu mwingine. Safari hii ilinibidi nisome ripoti fupi kwa Kiingereza kabla ya kuifasiri, na ndani yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba afisa kiongozi aliongoza upimaji wa madini ya risasi: “the lead officer led the lead testing”. Nilipumua, nikalitazama kopo la mjomba kwa jicho la moyo, nikasoma “liid”, “led”, “led”, kisha nikasema “madini ya risasi” kwa ukamilifu wake. Hakuna aliyepiga makofi, kwani hakuna aliyejua kilichopita kichwani mwangu.

Tulipokuwa tukitoka, yule bibi wa kanga alinishika mkono mlangoni. Alitaka kujua kama sasa anaruhusiwa kuziwasha zile taa zake mbili.